Tubadilishe kuruwa sisi wenyewe, mbele haijakatika



Katika gazeti hili tumezoea kuongea mbegu, bei ya kahawa na magonjwa ya muhogo. Mara hii tunaongea kipande cha mpira. Kinaitwa kuruwa ya distribisyo, ile kuruwa yenye meno inayojificha ndani ya kifuniko, mbele ya moteri. Wengi kati yenu hamjaiona hata siku moja, na hapo ndipo shida inaanzia.

Sisi tunaozunguka kwenye depo zenu, kutoka Kalehe mpaka bonde la Ruzizi, tuna wazo juu yake na tunalisema wazi: kooperative yenye gari inapashwa kujua kubadilisha kuruwa hiyo yenyewe, kwenye kiwanja cha depo, kwa mikono ya watu wake. Hatusemi hivyo kwa sababu mafundi wa Bukavu ni wabaya. Tunasema hivyo juu kazi hii ikingojea Bukavu, mara nyingi haifanywi kamwe.

Kuruwa hii inafanya nini

Tuanze na yule mama asiyeendesha gari lakini aliyelipa sehemu yake kwenye kooperative. Gari ni lake pia, na ana haki ya kuelewa.

Ndani ya moteri kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na juu yake kuna supape zinazofunguka na kufungika: moja inaingiza hewa, ingine inatoa moshi. Pistoni zinazungusha chuma cha chini kinachoitwa vilebreke. Supape zinafunguliwa na chuma cha juu kinachoitwa abrakame. Vyuma hivi viwili vinapashwa kwenda pamoja bila kukosana: vilebreke ikizunguka mara mbili, abrakame inazunguka mara moja. Kinachovifunga pamoja ni ile kuruwa. Moteri ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila supape inafunguka mara 1,000 kwa dakika hiyo hiyo.

Sasa kuruwa ikikatika, abrakame inasimama papo hapo, lakini vilebreke bado inazunguka kwa nguvu ya gari lililo mbioni. Supape zilizobaki wazi zinakutana na pistoni zinazopanda. Kwenye moteri za mazutu hakuna nafasi ya kukwepana, kwa sababu pistoni inafika karibu kabisa na kichwa cha moteri ili kuminya hewa vizuri. Supape zinapinda. Wakati mwingine pistoni inatoboka au kulasi, kile kichwa chenyewe, inapasuka. Yote hayo yanafanyika haraka kuliko shofere anavyoweza kukanyaga frein.

Na ubaya wake ni kwamba kuruwa hii haina kawaida ya kulia mbele ya kukatika. Tairi linaisha tukiliona. Frein zinapiga kelele. Mafuta yanapungua na tunapima kwa kijiti. Kuruwa ya ndani inazeeka kimya gizani, na siku yake ikifika, inakatika.

Hasara inaanguka kwa nani

Tufanye hesabu ya mfano, kila kooperative itie bei zake. Tuseme kuruwa nzuri pamoja na gale, ile roda ndogo inayoikaza, vinagarimu dola 100. Tuseme tena kutengeneza moteri iliyogongana, kununua supape, kurekebisha kulasi, kulipa fundi na kulipa gari la kuvuta, kunafika dola 1,500. Mara kumi na tano. Wengi wanaishia kununua moteri ingine ya okazyo isiyojulikana ilitoka wapi, nayo ina kuruwa yake ya zamani ndani.

Lakini sisi watu wa shamba tunajua kwamba bei ya fundi ni nusu tu ya hasara. Kahawa iliyochumwa leo inapashwa kupita kwenye mashine ya kumenya leo leo. Ikilala kwenye mifuko inaanza kuchacha, na kahawa iliyochacha hainunuliwi kwa bei ya kahawa nzuri hata mkiisafisha namna gani. Nyanya za Kabare hazingojei. Muhogo uliong'olewa na kuachwa unaanza kuwa mweusi ndani ya siku mbili tatu. Gari likikaa wiki tatu kwenye garaji katikati ya mavuno, anayelipa wa kwanza ni mwanamemba aliyeleta mazao yake.

Na kuna mwingine anayelipa. Kila mtu wa Kivu ya Kusini anajua ni nani anabeba gari likishindwa. Ni wamama. Mzigo uliokuwa juu ya gari unarudi kwenye mgongo, kamba kwenye paji la uso, kupanda na kushuka milima ya Walungu na Kabare mpaka sokoni. Tunapoongea kuruwa, tunaongea migongo hiyo. Komite inayosema haina dola 100 mwaka huu inapashwa kujiuliza wamama watabeba kilo ngapi kwa miguu juu ya zile dola 100.

Kwa nini haibadilishwi

Tumesikia sababu nyingi kwenye depo. Tutazichukua moja moja.

Ya kwanza: "Gari bado linatembea muzuri." Ndiyo, linatembea muzuri. Gari lenye kuruwa ya kukatika kesho linatembea leo sawa na gari lenye kuruwa mupya. Kutembea vizuri hakushuhudii kitu hapa.

Ya pili: "Kilometa hazijafika." Kilometa gani? Magari yetu mengi yalikuja yakiwa yametumika, kutoka Japani au Dubai, yakapita bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, yakauzwa mara mbili au tatu mbele ya kufika kwetu. Namba iliyo kwenye kihesabu inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa imerudishwa nyuma, au kihesabu chenyewe kilikufa zamani. Gari ambalo hamna karatasi ya kuruwa yake, lihesabuni kuwa kuruwa yake imeisha. Hiyo ndiyo kanuni ya busara kwa kila gari la okazyo: likifika, badilisha, andika tarehe, na mwanzo wa hesabu ni hapo.

Tena kilometa za kwetu si kilometa za lami. Kwenye Toyota nyingi za mazutu, kiwanda kinasema kuruwa ibadilishwe kwenye kilometa 100,000. Lakini mwenye kutoka Kamanyola kupanda Ngomo na tani za mchele hapandi na vitesi vya juu. Anapanda na vitesi vya kwanza na vya pili, moteri ikizunguka sana huku gari likienda polepole. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460, Ziwa Tanganyika kule Uvira liko karibu mita 770. Tofauti hiyo yote moteri ndiyo inaipanda. Ongeza matope ya mwezi wa kumi na moja, vumbi la mwezi wa saba, na masaa ya kungoja kwenye vizuizi moteri ikiwa inanguruma. Kihesabu kinaandika kilometa chache, lakini kuruwa imefanya kazi ya nyingi. Kwa sababu hiyo wazo letu ni kwamba huku kwetu tusingoje 100,000. Tubadilishe kwenye 70,000, au baada ya miaka minne hata kama kilometa hazijafika, kwa maana mpira unazeeka na miaka pia.

Ya tatu: "Taa itawaka." Ni kweli, Land Cruiser na Hiace nyingi za mazutu zina taa iliyoandikwa T-BELT kwenye tablo, na inawaka kihesabu kikifika kilometa zake. Lakini taa hiyo haiangalii kuruwa. Inahesabu kilometa tu, na kihesabu kikiwa kimekufa, taa nayo haina habari. Na kuna magari ambayo mtu alichoka kuiona ikiwaka, akaondoa balbu. Washeni kontakti bila kuwasha moteri, muone kama taa ya T-BELT inajionyesha pamoja na zingine. Kama haionekani, muulize ni kwa nini.

Ya nne, na ndiyo ya kweli kuliko zote: "Kuipeleka Bukavu ni garama." Mazutu ya kwenda, siku mbili tatu za kungoja, chakula na malazi ya shofere, na mara nyingi fundi anapata kitu kingine cha kutengeneza. Komite inaona hesabu hiyo na inasema: tutaangalia kisha mavuno. Kisha mavuno kunakuja ada ya masomo, kisha ada mbegu, na mwaka unaisha. Sababu hii hatuwezi kuitukana. Tunaweza kuiondoa tu, na njia ya kuiondoa ni kuifanya kazi yenyewe depo.

Jueni kwanza moteri yenu

Si kila gari lina kuruwa hii. Mbele ya kutoa feza, muangalie namba ya moteri iliyoandikwa kwenye kibao chini ya kapo au kwenye karatasi za gari.

Mitsubishi Fuso Canter zenye moteri za ukoo wa 4D3 hazina kuruwa ya ndani; zinatumia pinyo za chuma. Mkiambiwa na mtu kwamba amebadilisha kuruwa ya distribisyo ya Canter ya namna hiyo, muombe awaonyeshe ile ya zamani. Noah zilizotoka kuanzia 2001 zinatumia mnyororo, nao hauna kilometa za kubadilishwa kama kuruwa. Unataka mafuta safi ya moteri tu. Noah za mbele ya hapo, zenye moteri 3S ya esanse, zina kuruwa, lakini ikikatika kwa kawaida gari linasimama tu, supape hazigongwi.

Zinazotuhangaisha ni zile za mazutu, ambazo ndizo nyingi kwenye kooperative. Hiace na Hilux zenye moteri 2L, 3L au 5L zina kuruwa inayoshuka mpaka chini kwenye vilebreke na kupita pia kwenye pompi ya mazutu. Hapo puli kubwa ya chini inapashwa kutoka, na buloni yake imefungwa kwa nguvu sana. Ni kazi ya kufundishwa kwa uangalifu.

Land Cruiser zenye moteri 1HZ, zile za silinda sita tunazoziona kila siku kwenye barabara zetu, ni habari ingine. Moteri hiyo inatengenezwa tangu 1990, na waliyoipanga walifikiria mtu aliye mbali na garaji. Kuruwa yake ni fupi: inafanya kazi juu, karibu na kichwa cha moteri, na ile sehemu ya chini imeachiwa pinyo za chuma. Puli kubwa ya vilebreke haiguswi. Mtu aliyefundishwa, mwenye funguo nzuri na asiyeharakishwa, anaimaliza asubuhi moja. Kooperative yenye 1HZ na isiyojua kubadilisha kuruwa yake haina cha kujitetea.

Kazi yenyewe ikoje

Hatuandiki hapa kitabu cha ufundi, na hatutaki mtu asome ukurasa huu aende kufungua moteri jioni hii. Lakini tunataka kila mwanamemba ajue kazi inapita wapi, kusudi akiwa kiwanjani aone kama inafanywa vizuri.

Gari linasimama mahali palipo sawa, mawe kwenye tairi, moteri baridi. Waya wa batri unatolewa ili mtu asije akageuza ufunguo kwa bahati mbaya. Kisha kifuniko kinatolewa, na moteri inazungushwa kwa mkono, polepole, mpaka alama za puli zikutane na alama zilizochorwa na kiwanda. Hapo ndipo moyo wa kazi ulipo. Kabla ya kulegeza kitu chochote, alama zinapakwa rangi nyeupe ili zionekane vizuri. Mwenye simu anapiga picha. Mwenye macho mawili anaita mwenye macho mengine mawili, na wote wanakubaliana kwamba alama zimekutana.

Kisha kuruwa ya zamani inatoka. Tangu saa hiyo hakuna anayezungusha chochote, si juu wala chini, mpaka ile mupya iingie. Kuruwa mupya inalinganishwa na ya zamani: urefu, upana, na meno yanahesabiwa. Haikunjwi kama kamba, haiguswi na mikono yenye mafuta, haiingizwi kwa kusukumwa na turnevisi. Gale inazungushwa na kidole. Ikilia au ikiyumba, inabadilishwa. Kwa mawazo yetu ibadilishwe tu, hata isipolia, kwa sababu gale ikifa inakata kuruwa mupya. Na kama kuna mafuta yanayovuja karibu, yatafutwe yanakotoka, maana mafuta ndiyo sumu ya mpira.

Ikishakazwa, moteri inazungushwa tena kwa mkono na ufunguo, mizunguko miwili mizima ya vilebreke. Kwa nini miwili? Kwa sababu tulisema vilebreke inazunguka mara mbili abrakame ikizunguka mara moja. Baada ya miwili, alama zote zinapashwa kurudi mahali pake. Zikirudi, sawa. Zisiporudi, hata kwa jino moja, kazi inaanza upya. Na mkono ukihisi kitu kigumu kinagonga, acheni hapo hapo, musilazimishe. Kwa mkono unahisi kosa na kulirekebisha bure. Kwa demareri unalilipa.

Mtaona kwamba hakuna uchawi hapo. Kunahitajika uvumilivu, usafi na watu wawili wanaokubali kukaguana. Watu wanaojua kuchagua kahawa punje kwa punje hawawezi kuambiwa kwamba kuhesabu meno ya kuruwa kunawapita.

Tunayoyajibu

Kuna watakaosema tunawanyima mafundi kazi. Hapana. Tunataka walipwe, na mara ya kwanza walipwe zaidi. Pendekezo letu ni hili: mara ya kwanza kooperative imwite fundi anayejulikana aje depo, imlipe safari, chakula na siku yake, na mapatano yaandikwe kwamba amekuja kufundisha. Watu wawili wa kooperative wanafanya pamoja naye. Mara ya pili wanafanya wao, yeye anaangalia. Mara ya tatu wanamwita tu wakikwama. Kazi nzito za kulasi, pompi ya mazutu na vitesi zitabaki zake, na ataletewa gari ambalo halijaharibiwa.

Kuna watakaosema mtu wa kijiji atakosea alama na kuua moteri. Inawezekana. Lakini na kwenye garaji inawezekana, na huko hakuna mwanamemba aliyesimama pembeni kuhesabu meno. Kosa linazuiwa na ile mizunguko miwili ya mkono na macho mengine mawili, popote kazi inapofanywiwa. Tena tunasema wazi ni gari gani halifai: moteri za kisasa zenye elektroniki nyingi, na gari lolote ambalo watu wenu hawajawahi kulifundishwa. Hizo zipelekwe kwa anayezijua.

Kuna watakaosema mradi utaleta gari lingine. Sisi ni watu wa mradi, kwa hiyo tuaminiwe tukisema: mradi una tarehe ya kuisha, na gari linaloachwa linaachwa na kuruwa yake. Kooperative inayolima kwa matumaini ya gari lijalo inajifunga kamba ambayo mtu mwingine anaishika.

Na kuna wale wa kooperative wanaosema feza haiko kwenye kese. Sheria ya OHADA juu ya kooperative, iliyopitishwa mwaka 2010 na inayotufunga na sisi tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012, inataka kooperative iweke pembeni reserve ya jumla na tena reserve ya mafunzo ya wanamemba. Kufundisha watu wawili kutunza gari la wote ni mafunzo kama mengine. Muulize kwenye mkutano wenu reserve hiyo iko wapi na ilitumika kwa nini.

Piyesi mbaya

Neno moja kuhusu soko. Kazi nzuri na kuruwa mbaya ni kazi bure. Madukani Bukavu kuna kuruwa nzuri na kuna zilizoigwa, na boksi zinafanana. Anayetumwa kununua aende na namba ya moteri iliyoandikwa kwenye karatasi, si na maneno "ya Land Cruiser". Akatae kuruwa iliyokaa kwenye jua dirishani miaka, yenye mikunjo, au ambayo maandishi yake yanatoka na kidole. Alete faktire yenye jina la duka. Na tunashauri kooperative mbili tatu za eneo moja zinunue pamoja: akienda mtu mmoja na kurudi na kuruwa tatu, safari inagawanywa, na muuzaji anaheshimu mteja wa tatu tatu kuliko wa moja.

Tunachoomba

Kalenda yetu ya mashamba inatupa nafasi. Mavuno ya sezoni A yanaisha karibu mwezi wa kwanza. Kahawa ya upande wa ziwa inashika nguvu kuanzia mwezi wa tatu. Katikati hapo kuna wiki ambazo gari halikimbizwi sana. Wiki hizo ndizo za kuruwa. Wengine wa bonde la Ruzizi watachagua wiki zao kufuatana na mchele wao. Kitu cha muhimu ni kwamba siku iwe imeandikwa mbele, kama siku ya kugawanya mbegu.

Kila kooperative yenye gari iwe na kaye ya gari, na kaye hiyo isikae kwa shofere. Ikae kwa mwenye kutunza depo, na shofere aiandikie mbele yake: tarehe, kilometa, kitu kilichobadilishwa, nani alifanya, nani alikagua. Na kwenye kifuniko cha kuruwa chenyewe iandikwe kwa rangi tarehe ya mara ya mwisho, kusudi hata shofere akiondoka kesho, gari libaki linajisemea.

Kuruwa ya zamani isitupwe. Itundikwe ukutani depo. Mwanamemba anayekuja kupima kahawa yake aione, aishike, akunje ile mistari iliyopasuka mgongoni mwake, ajue feza yake ilienda wapi.

Na kwenye mkutano mkuu unaofuata, mbele ya hesabu za mwaka kusomwa, mwanamemba mmoja anyanyue mkono. Haihitaji kuwa presida wala mwenye kujua magari. Anaweza kuwa mama aliyekuja na kilo zake ishirini za maharage. Aulize maswali matatu: kuruwa ya gari letu ilibadilishwa lini? Iliandikwa wapi? Na nani kati yetu anajua kuibadilisha?

Kama komite inajibu yote matatu, muwapigie makofi, kazi wanaifanya. Kama wanaangaliana, mkutano usifungwe mpaka tarehe iwekwe na majina mawili yaandikwe.